Pumzi Ilirudi, Bonge Likabaki

Siku ya 19 baada ya kujifungua nililala nimekaa. Nilipanga mito mitatu ukutani nikaegemea, Kulwa kifuani kwangu, Doto kwa mama mkwe, tukasubiri kuche. Kila nilipojaribu kujinyoosha chali, nilihisi maji yamenifika puani.

Asubuhi nikamwambia mama mkwe. Akasema, "Mama Kulwa, uzazi wa mapacha mzito. Mwili umebeba watu wawili, lazima udai." Sikumbishia. Nilikuwa na miaka 34, nimetoka kupasuliwa, na miezi miwili ya mwisho ya mimba presha ilikuwa juu. Nilijiona ni mzazi aliyechoka tu.

Naandika juu ya damu kuganda baada ya uzazi, kwa ajili ya wanawake waliojifungua karibuni na wale wanaowauguza. Mimi si mtu wa hospitali, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Ninayoyajua niliyapata kitandani, kwa kuuliza na kwa kukosea, na kosa moja lilikuwa la kunitoa duniani.

Ilianzia mguuni. Wiki ya kwanza miguu yote miwili ilikuwa imejaa, tukasema ni maji ya mimba, yataisha. Wa kulia ukapungua. Wa kushoto ukazidi kujaa, ngozi ikawa inang'aa, na shavu la mguu likauma kama limekaza msuli usioachia. Kwetu mzazi hatoki nje hadi arobaini, analala, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga. Mama mkwe akanikanda na mguu ule kwa maji ya moto, anaukamua kwa vidole kutoka chini kwenda juu, kwa mapenzi yote. Maumivu yalikuwa makali lakini nikavumilia kwa sababu mzazi huambiwa avumilie.

Siku mbili baadaye kifua kikaanza. Kichomi upande wa kulia kila nikivuta pumzi, moyo unakwenda mbio hata nimekaa, halafu kikohozi chenye michirizi ya damu. Zahanati wakasikiliza mapafu, wakasema homa ya mapafu, nikaandikiwa sindano za siku tano. Damu ilipozidi nikapimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, majibu yakaja safi. Siwalaumu kwa kufikiria kifua kikuu, ugonjwa huo upo na ni vizuri waupime. Lakini katika siku zile zote hakuna aliyeniuliza nimejifungua lini, na mimi sikusema. Nilikwenda na kitenge begani, watoto nimewaacha nyumbani. Nilionekana mgonjwa wa kifua kama wagonjwa wengine wa kifua.

Siku ya 23 nilianguka nikitoka chooni. Baba Kulwa alinibeba hadi kwenye bajaji. Hospitalini nesi mmoja akanibana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, ikasoma 84. Akaniwekea oksijeni, akaangalia kanga yangu iliyolowa maziwa kifuani, akauliza, "Dada, umejifungua lini?" Nikamjibu kwa vidole, maneno hayakuwa yanatoka. Akamwita daktari pale pale.

Daktari alifunua miguu yangu yote miwili. Akatoa futi, akapima mguu wa kushoto sentimita 10 chini ya goti, akapima na wa kulia mahali hapo hapo. Tofauti ilikuwa sentimita 4. Nilitazama ile futi nikatamani kulia. Ni kama ile ninayovaa shingoni tangu nina miaka 17. Nimepima viuno na mabega ya nusu ya mtaa wetu, na mguu wangu mwenyewe sikuwahi kuupima.

Jioni ile nikafanyiwa eko, yaani moyo unapigwa picha kwa mashine inayofanana na ultrasaundi ya mimba. Mpimaji alikaa muda mrefu mahali pamoja, akaenda kumwita mwenzake. Moyo wangu ulikuwa umetanuka na unasukuma damu kwa asilimia 28, wakati moyo mzima husukuma kama 55 na kuendelea. Na kwenye ncha ya chemba ya kushoto, kule chini kabisa, kulikuwa na bonge la damu la milimita 18. Wakaniandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Huko CT skani ya kifua ikaonyesha na la pili: damu imeganda kwenye mishipa ya mapafu yote mawili.

Hapa nataka nieleze kama nilivyoelezwa, kwa sababu bila kuelewa hili nilikuja kufanya upumbavu mkubwa mbele.

Moyo una pande mbili zenye ukuta katikati. Upande wa kulia unapokea damu iliyotoka mwilini na kuisukuma mapafuni. Upande wa kushoto unapokea damu iliyotoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Bonge lililozaliwa mguuni likichomoka hupanda hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo njia yake ni moja tu, mapafuni, ambako hukwama. Kile kichomi, yale makohozi ya damu na kule kuanguka ndiyo yalikuwa hayo. Bonge la upande wa kushoto lina safari nyingine. Likichomoka huenda kichwani likaleta kiharusi, au kwenye figo, au kwenye mshipa wa mguu au utumbo. La mapafuni lilikuwa limeshafanya madhara yake. La moyoni lilikuwa limekaa tu linangoja.

Niliuliza vipi mtu apate yote mawili kwa mpigo. Daktari akasema mimba yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, ni ulinzi wa mwili ili mama asitokwe damu hadi kufa, na hali hiyo haiishi siku ya kujifungua. Wiki sita za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Juu yake nilikuwa na kidonda cha operesheni, na nililala ndani wiki tatu nzima. Hiyo ndiyo habari ya mguu. Habari ya moyo ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua: msuli wa moyo unalegea bila sababu nyingine kuonekana. Mapacha, presha ya mimba na umri wa zaidi ya miaka 30 huongeza uwezekano. Moyo uliolegea hausukumi damu yote, ile inayobaki kwenye ncha inatuama, na damu ikituama huganda.

Kuhusu kulala ndani, sisemi watu waache arobaini. Mama anahitaji kupumzika na kuhudumiwa, na mimi bila mama mkwe nisingeweza mapacha. Lakini kupumzika na kutotikisika ni mambo mawili. Mzazi anaweza kutembea chumbani, akazunguka uani asubuhi na jioni, akachezesha nyayo akiwa kitandani. Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, tafadhali, usikandwe. Upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu yalikuwa sindano ya enoksaparini tumboni kila baada ya saa 12, miligramu 60 kwa uzito wangu wa kilo 61, na pamoja nayo vidonge vya warfarini. Niliuliza kwa nini vyote viwili. Warfarini huchukua siku kadhaa kufanya kazi sawasawa, kwa hiyo sindano zinakulinda mpaka damu ifike kiwango. Kiwango hicho kinapimwa kwa kipimo kiitwacho INR. Mtu asiyetumia dawa yuko kwenye 1 hivi, mimi nilitakiwa nikae kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga dhidi ya kuganda haitoshi, juu ya 3 hatari ya kutokwa damu inapanda. Nilivuka 2 siku ya saba.

Mtaani tunaziita dawa za kuyeyusha damu, na jina hilo linapotosha. Haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue na yasizaliwe mengine, kisha mwili wenyewe unalimega polepole, kwa wiki na miezi. Ipo dawa ya kuyeyusha hasa, lakini kwa mtu mwenye kidonda cha operesheni cha wiki tatu inaweza kumtoa damu vibaya, na kwa kuwa presha yangu ilikuwa haijaanguka wakaona sindano zinatosha.

Jambo la maziwa liliniumiza kuliko sindano. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliniambia maziwa yangu sasa ni sumu, yatawatoa watoto damu. Sikumuuliza nesi. Siku nne nilikuwa nakamua namwaga kwenye sinki, wifi yangu ananunua maziwa ya kopo, na mimi nalia usiku chini ya shuka. Siku ya tano daktari wa zamu akaniuliza watoto wananyonya vizuri? Nilipomwambia, akakaa kitandani kwangu. Warfarini na zile sindano haziharibu maziwa, mama ananyonyesha. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, visivyohitaji INR, ndivyo ambavyo hawavitaki kwa anayenyonyesha. Dada yangu, ukiwa wodini usichukue ushauri wa dawa kutoka kitanda cha jirani hata kama anakupenda.

Gharama niziseme wazi. Sikuwa na bima. Nililipa CT skani 350,000, na kila sindano 18,000, yaani 36,000 kwa siku. Ukijumlisha eko, kitanda, vipimo vya damu, mafuta ya gari la wagonjwa na chakula cha waliokuja kuniuguza, mwezi ule ulikula karibu milioni 2. Tuliuza ovaloki yangu, mashine ya kushonea kingo za nguo, kwa 650,000, kikoba kikatukopesha, shemeji akamalizia. Nilichojua nikiwa nimeshachelewa ni kwamba hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Ukienda mapema, kabla hujauza kitu, ukaeleza hali yako, wanaweza kukupangia kulipa kidogo kidogo au kukupunguzia. Mimi nilifika pale siku ya kuruhusiwa.

Nilirudi nyumbani na daftari la shule la kurasa 48. Nesi wa kliniki alinichorea mistari: tarehe, INR, dozi, kipimo kijacho. Akanionya juu ya mboga. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K, ambayo inapingana na warfarini. Mimi nikaelewa mboga ni marufuku, nikaacha kabisa, nikala wali na maharage wiki tatu. Kisha mama mkwe akapika kisamvu cha nazi, nikala siku tatu mfululizo, na INR ikaanguka hadi 1.6. Alichokuwa anasema nesi ni kwamba nile kiasi kilekile kila siku ili dozi ipangwe kufuatana na chakula changu. Tangu hapo nikawa nakula kikombe kimoja cha mboga iliyopikwa, kila mchana, na INR ikatulia.

Mwezi Oktoba jino likaniuma. Nikaenda duka la dawa la jirani, nikanunua diklofenaki na Flagyl, kama nilivyofanya miaka yote. Sikutaja warfarini, na muuzaji hakuuliza. Siku ya nne nikapiga mswaki damu ikagoma kukata, jioni pua ikaanza kutiririka. INR ilikuwa 6.8. Nililazwa siku mbili, warfarini ikasimamishwa, nikapewa vitamini K. Flagyl huipandisha nguvu warfarini, Septrin pia, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchangia kutokwa damu kwa njia yake nyingine. Kwa maumivu niliruhusiwa panadoli, nayo kwa kiasi. Dawa za kienyeji na vidonge vya kitunguu saumu niliambiwa niviweke mbali, kwa sababu hakuna anayejua vitaipeleka INR wapi. Tangu siku ile, muda wote nilipokuwa kwenye dawa hiyo, ndani ya jalada la simu yangu kulikuwa na karatasi imeandikwa: NATUMIA WARFARINI. Nilipofika duka lolote la dawa niliitoa kwanza, ndipo nikaeleza shida yangu.

Sasa nifike kwenye lile kosa.

Mwezi Desemba nilikuwa nimetimiza miezi mitatu ya dawa. Nilikuwa napanda ngazi za soko bila kusimama, nalala chali, mguu umerudi ulivyokuwa. Kwa mafundi Desemba ni msimu wa sare za shule, shati na sketi mpaka usiku wa manane, na nilikuwa na deni la kikoba. Kila safari ya kipimo ilikuwa nauli, ada na siku nzima ya kazi. Na kichwani nilikuwa nimebakiza neno moja la daktari: miezi mitatu. Nikaacha warfarini. Sikumwambia mtu, hata Baba Kulwa. Nilijiambia pumzi imerudi, basi nimepona.

Januari nikapanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam kwenye kliniki, 13,000 kwenda, nimevaa vizuri, nategemea kupongezwa. INR 1.1. Nikafanyiwa eko. Bonge lilikuwa pale pale kwenye ncha ya moyo, milimita 11. Lilikuwa limepungua, lakini lipo, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimeliondolea kinga na kukaa kwenye cherehani saa kumi na mbili kwa siku. Daktari hakunifokea. Alizungusha skrini nione, akasema, "Mama, hiki unachokiona kinacheza, kila pigo la moyo kinatikisika. Kikichomoka leo, kesho hutaweza kumwita mwanao jina." Nilishindwa kusimama.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa na magonjwa mawili yanayotumia dawa moja, na kila moja lina tarehe yake. Kwa mapafu, miezi mitatu ni kiwango cha chini kwa mtu aliyepata bonge kwa sababu inayojulikana kama uzazi au operesheni. Kwa moyo, miezi mitatu ni tarehe ya kwenda kupiga eko nyingine. Dawa inaachwa eko ikionyesha bonge limeisha na moyo umepata nguvu. Nilichokisikia kama mwisho kilikuwa kituo cha njiani. Na pumzi haikuwa na habari ya kunipa juu ya bonge la kushoto, kwa sababu bonge la kushoto halikuwahi kunibana pumzi. Halina dalili mpaka siku linapochomoka. Ukiwa na hali kama yangu muulize daktari swali hili kwa maneno haya, na umwombe aliandike jibu kwenye kadi: "Dawa hii naiacha kwa kipimo gani?"

Nilianza upya, sindano siku sita na warfarini juu yake. Nikamwambia Baba Kulwa ukweli. Alinyamaza muda, akachukua daftari akalitundika kwenye msumari jikoni, na tangu siku ile saa mbili usiku ananiletea kidonge na maji. Hakukosa siku moja.

Aprili eko ikaonyesha ncha ya moyo iko safi, na moyo unasukuma asilimia 45. Warfarini ikaendelea hadi Julai, ikaachwa kwa maandishi ya daktari, na eko ya mwezi uliofuata ikathibitisha hakuna kilichorudi. Septemba 2025 moyo ulifika 52. Bado natumia dawa za moyo, enalaprili na karvediloli, na hizo nimeambiwa nisithubutu kuziacha mwenyewe.

Kuna jambo wanawake hatuulizi kwa aibu, nami niliona aibu pia. Ukiwa kwenye warfarini hedhi inaweza kuja nzito mno. Mimi nilikuwa natumia pedi saa moja moja, nikanyamaza miezi miwili hadi damu mwilini ikapungua. Sema mapema. Na warfarini inaharibu mtoto tumboni hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo uzazi wa mpango unaanza kabla hujatoka wodini. Vidonge vya kawaida vya mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza damu kuganda, havikufai kabisa, na kwangu ile sindano ya miezi mitatu pia hawakuipendelea. Niliwekewa kijiti mkononi. Kuhusu mimba nyingine, nimeambiwa moyo unaweza kulegea tena, pengine zaidi ya mara ya kwanza. Nilitaka watoto watano. Kabla ya mapacha nilikuwa na mmoja. Tuna watatu, na tumekubaliana, ingawa kuna usiku bado naliwaza.

Mama mkwe alijilaumu kwa ule mguu kwa muda mrefu. Nilimweleza mara nyingi kwamba hakujua, kama mimi nisivyojua. Mwezi uliopita binti wa nyumba ya tatu alijifungua. Mama akavaa kanga zake za kwenda kumwona mzazi, akafika mlangoni, akarudi. Akaniuliza, "Futi yako iko wapi?" Nikaivua shingoni nikampa. Alimpima yule binti mguu mmoja, akampima wa pili, sentimita 10 chini ya goti kama nilivyomwonyesha, akaniletea tarakimu alizoandika kwenye kiganja kwa kalamu ya chaki ya kitambaa. Zilikuwa sawa. Kesho yake akaenda kupima tena.